Boti Yangu Ilienda Kilomita 6 kwa Saa, na Bado Nyinyi Ndio Mko Nyuma

Wiki jana niliposti tena clip za safari yangu ya Julai 2024, ile ya boti kwenye mfereji huko Uingereza. Komenti ya kwanza ikasema hivi: "Kwani uliacha chuo ndio ukaendeshe mtumbwi unaoshindwa na mkokoteni?" Hiyo komenti ilipata like kuliko video yenyewe.

Sawa. Nilicheka. Halafu nikakasirika. Halafu nikakaa nayo siku tatu, na sasa nimerudi. Hii ni ndefu, kwa hivyo kama wewe ni wa sekunde 15, shukia hapa.

Kwanza picha kamili, kwa wale hawakuona. Binamu yangu anafanya kazi ya kutunza wazee karibu na Birmingham, kama Wakenya wengi walioenda huko na visa za kazi hiyo. Alipata likizo ya siku nne. Akaniambia, "Kijana, usije huku kupiga picha na basi nyekundu kama kila mtu. Tunakodi boti." Nikadhani ni bahari. Kumbe ni mfereji, maji ya rangi ya chai ya maziwa, upana hata matatu mbili hazipishani vizuri.

Boti yenyewe ni ya chuma, ndefu kama mita 17, lakini upana wake ni mita 2 na kitu kidogo tu. Ndani kuna kitanda, jiko, choo, bafu, kila kitu kimepangwa kwa mstari kama koridoo ya nyumba ya kupanga. Jamaa wa kampuni alitufundisha kwa muda mfupi, akatupa mkono wa chuma wa kuzungushia vilango vya maji, akaruka nchi kavu akaenda zake. Huko hauhitaji leseni ya udereva kuendesha boti ya kukodi. Mimi, mtu sina hata leseni ya boda, nikashika usukani wa tani za chuma.

Na kuna sheria: mwisho ni maili 4 kwa saa, yaani kama kilomita 6.4. Ukizidisha, mawimbi yanakula kingo za mfereji. Kuna mama alitupita kwa mguu akisukuma mtoto kwenye kigari, akatupungia mkono. Hiyo sehemu ndiyo mlicheka sana. Chekeni. Sasa twende kazi.

Wacha nieleze loki, kwa sababu hapo ndipo akili yote iko. Fikiria ngazi, lakini ya maji. Mfereji hauwezi kupanda mlima ukiwa umeinama, maji yote yangeteremka. Kwa hivyo kila sehemu inalala sawa, na kati ya sehemu moja na nyingine wanajenga chumba cha mawe au matofali chenye malango pande zote mbili. Unataka kushuka? Unaingiza boti chumba kikiwa kimejaa, unafunga malango ya nyuma, unafungua vilango vidogo vya chini. Maji yanatoka, boti inashuka nayo taratibu. Maji yakilingana na ya upande wa chini, unasukuma lango kwa mgongo, unatoka. Kupanda ni kinyume chake. Hakuna pampu, hakuna stima. Ni uzito wa maji tu. Wachina walikuwa na chumba kama hicho mwaka 984, kwa hivyo hata usiniambie ni mambo ya wazungu.

Na hapo ndipo nilipata adabu. Lango halifunguki kama maji hayajalingana. Tofauti ikiwa hata ya kiganja, unaweza kusukuma mpaka mshipa utoke shingoni na lango halitikisiki. Huwezi kulihonga. Huwezi kulipigia simu mtu anayejuana na mtu. Unangoja. Mimi, mtu wa kuskip tangazo kabla lianze, nilikuwa naketi juu ya mti wa lango nikingoja maji.

Tulikuwa kwenye ngazi ya Tardebigge, kusini mwa Birmingham. Loki 30 zikifuatana, safu ndefu kuliko zote Uingereza. Loki ya saba nikajiona nimekuwa nahodha, nikatoa simu nirekodi. Sasa kuna kitu hamkuona kwa video, kwa sababu nilikikata. Chini ya malango ya juu kuna kizingiti cha mawe. Maji yakishuka, kizingiti kinajitokeza. Sehemu ya nyuma ya boti ikikalia hapo, inabaki juu huku mbele inazidi kushuka, na boti inazama kwa dakika chache. Kuna mstari mweupe umechorwa ukutani kukuonyesha usirudi nyuma yake. Mimi nilikuwa nimerudi. Binamu yangu alikuwa juu kwenye vilango, akapiga nduru: "SONGA MBELE! WEKA HIYO SIMU!" Nikasonga. Ilikuwa imebaki kama hatua moja.

Kwa hivyo mtu akiniambia polepole ni mchezo wa watoto, namuuliza: umewahi karibu kuzama kwa mwendo wa konokono?

Sasa nyinyi. Kwa komenti zenu nimehesabu uongo tatu. Nitaubomoa mmoja baada ya mwingine.

UONGO WA KWANZA: Kitu cha polepole ni cha walioshindwa.

Mwaka 1761 mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa kupeleka makaa ya mawe kutoka migodi ya Worsley hadi Manchester. Kabla ya hapo makaa yalibebwa na farasi kwenye barabara za matope. Farasi huyohuyo mmoja, akitembea kando ya mfereji akivuta boti kwa kamba, aliweza kuvuta karibu tani 30. Mwendo wa mguu. Bei ya makaa Manchester ikashuka kama nusu. Baada ya hapo kila tajiri akataka mfereji wake, na viwanda vya Uingereza vikajengwa juu ya huo mwendo wa farasi. Mapinduzi ya viwanda hayakuanza kwa kasi. Yalianza kwa mzigo mkubwa uliokuwa unatembea pole bila kusimama.

Na fundi mkuu wa mfereji huo, James Brindley, hakuwa na masomo ya maana darasani. Alikuwa fundi wa vinu, hesabu zake akizipiga kichwani. Sisemi uache chuo. Mama yangu anasoma hizi posti. Nasema tu, wewe uliyeniandikia "dropout" kama tusi, ungemuandikia Brindley pia.

Na kabla mnirukie kwamba nasifu wakoloni: hapana. Mifereji ilichimbwa kwa koleo na sururu na vibarua ambao majina yao hayako kwa sanamu yoyote. Na pamba iliyoshushwa Liverpool kwenda viwanda vya Lancashire, mingi ililimwa na watumwa weusi kusini mwa Marekani, na sehemu ya huo mzigo ilipita majini humo humo. Nilikuwa nalijua hilo nikiwa juu ya boti. Unaweza kupenda maji na bado ukajua yalibeba nini.

UONGO WA PILI: "Serikali za wenzetu zinatunza vitu vyao, sisi tumelaaniwa."

Huu ndio unaniudhi zaidi, kwa sababu unafanana na unyenyekevu na kumbe ni uvivu. Hebu sikia venye mambo yalienda.

Reli ilikuja ikachukua mzigo. Malori yakamalizia. Mwaka 1948 serikali ikachukua mifereji mingi, na haikuwa na mpango wa maana nayo. Baridi ya 1962 kuingia 1963 ikagandisha maji kwa wiki nyingi, na biashara nyingi ya mizigo iliyokuwa imebaki ikafa hapo. Sheria ya 1968 ikagawa mifereji kwa mafungu: ya biashara, ya matembezi, na "mabaki". Ndio, hilo ndilo jina. Mabaki. Yaani hayo hatuna haja nayo. Mingine ilijazwa takataka, mingine ikafukiwa, watu wakatupa humo vitanda na baiskeli.

Nani aliiokoa? Juu ya Tardebigge, karibu na loki ya kwanza, kuna kumbukumbu ndogo ambayo watu wanaipita tu. Hapo mwaka 1945 mwandishi mmoja, Robert Aickman, alimtembelea L.T.C. Rolt, fundi aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na ambaye alikuwa anaishi ndani ya boti yake, Cressy. Aickman alikuwa amesoma kitabu cha Rolt juu ya maisha ya mifereji. Mwaka uliofuata, 1946, wao na wenzao wakaanzisha chama cha kupigania mifereji isifungwe. Hata hawakudumu kuelewana, waligombana mpaka Rolt akatoka. Mimi hapo ndipo naamini hadithi yenyewe, kwa sababu mbogi yoyote ya kweli hugombana. Lakini kazi ilikuwa imeanza.

Kuanzia hapo ni raia. Walimu, makarani, wanafunzi, wastaafu, wikendi kwa wikendi, wakiingia kwenye matope na ndoo. Mwaka 1970 wakaunda kikundi cha kujitolea cha kufufua mifereji, na mpaka leo vijana huenda kambi za kiangazi kuchimba na kujenga matofali. Mfereji wa Kennet na Avon, ambao una loki 29 zikipanda kilima pale Devizes, ulikuwa umekufa. Ulifunguliwa tena mwaka 1990. Mfereji mwembamba wa Huddersfield, wenye handaki la zaidi ya kilomita 5 chini ya milima ya Pennine, ulifunguliwa tena mwaka 2001. Zamani kwenye hilo handaki wanaume walilala chali juu ya boti na kusukuma ukuta kwa miguu, saa baada ya saa gizani. Na ulifufuliwa kwa sababu watu wa kawaida walikataa neno "mabaki".

Malkia alikuja Kennet na Avon kufungua. Matope alikuta yameshatolewa.

Na wasichana mnaosoma hii: wakati wa Vita vya Pili, kulikuwa na wanawake vijana waliojiunga kuendesha boti za mizigo kati ya London na Birmingham. Walifungua loki, walisafirisha makaa. Beji yao ilikuwa na herufi IW, kifupi cha njia za maji za ndani. Watani wakasema ni kifupi cha "wanawake wavivu". Unaona? Hata wakati huo kulikuwa na watu wa komenti.

UONGO WA TATU: "Hiyo ni soft life ya matajiri."

Hapa sasa niko na kesi ya kujibu, na nitaisema.

Siku ya pili tulifunga boti kando ya boti moja ya zamani, rangi imebabuka. Juu ya paa kuna kuni, magunia ya makaa, baiskeli mbili, na nguo zimeanikwa. Anayeishi ndani ni mama wa miaka kama hamsini, mpishi wa shule. Alituona tunahangaika na kamba, akatoka na slipa, akatufundisha fundo. Akatupa chai. Aliingia kwenye boti baada ya kodi ya nyumba kumshinda. Sio mapenzi ya maji. Kodi. Nyinyi mliowahi kuhama Roysambu usiku na godoro kwa sababu ya elfu mbili zilizoongezwa, mnamjua huyo mama.

Maisha yake ni hivi. Hana maegesho ya kudumu, kwa sababu hayo yanalipiwa na sehemu nyingi hayapatikani. Kwa hivyo sheria ya 1995 inamruhusu kuishi majini kwa sharti moja: asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Kila wiki mbili anang'oa vigingi, anasonga. Mvua, theluji, malaria ya wazungu wanayoita flu, anasonga. Choo anakimwaga mwenyewe kwenye kituo. Maji ya kunywa anajaza tangi. Na asubuhi lazima afike kazini, popote boti ilipolala.

Shirika linalosimamia mifereji hiyo, Canal & River Trust, lilianzishwa mwaka 2012 kuchukua kazi kutoka kwa serikali. Liko na kama maili 2,000 za maji za kutunza. Tangu Aprili 2024, watu kama huyo mama wanalipa nyongeza juu ya leseni ya boti kwa sababu tu hawana maegesho. Ilianza na asilimia 5, na mpango ni ipande kila mwaka hadi 25 mwaka 2028.

Nitawapa haki yao, kwa sababu mimi sio mtu wa kelele tupu. Shirika linasema wanaozunguka mwaka mzima wanatumia vituo na loki kuliko wengine. Na ni kweli kwamba pesa hazitoshi. Serikali imesema ruzuku yake itaanza kupungua mwaka 2027, kidogo kidogo kila mwaka kwa miaka kumi. Malango ya loki ni ya mbao, yanaoza, lazima yabadilishwe. Mabwawa ya juu yanazeeka. Agosti 2019 ukuta wa bwawa la Toddbrook uliharibika, na watu kama 1,500 wa mji wa Whaley Bridge wakahamishwa. Bwawa hilo lilijengwa kulisha mfereji. Na mwaka 2025 ukame ulipunguza maji ya mabwawa mpaka mifereji mingi ikafungwa. Kila loki nyembamba ikifunguliwa inashusha zaidi ya lita 100,000. Hayo maji lazima yatoke mahali.

Sawa. Nakubali mfereji ni gharama. Swali langu ni moja: kwa nini bili inaanza kwa mwenye kuni juu ya paa?

Angalia nani anafaidi. Watu wengi mno hutembea, hukimbia, huendesha baiskeli kando ya hayo maji bila kulipa chochote, na ni vizuri, iwe hivyo. Katikati ya Birmingham, fleti zinauzwa kwa sababu dirisha linaangalia mfereji. Mikahawa imepanga viti kando ya maji. Mifereji inabeba pia maji ya mvua ya miji. Kila mtu anakula hapo. Kama ni mali ya umma yenye faida kwa umma wote, ilipiwe na umma wote. Ukiongeza ada kwa anayeishi humo kwa sababu hana pa kwenda, hauokoi mfereji. Unausafisha. Unabaki na maji mazuri, fleti nzuri, boti za likizo zilizopakwa rangi, na hakuna mtu.

Na bila mtu anayeishi pale, nani ataona lango linavuja saa tisa usiku wa Januari? Mimi mtalii? Mimi nilikuwa Nairobi.

Sasa kesi yangu. Ile video yenu mliyocheka, jua linazama, boti mbili majini, muziki laini, nimeandika "soft life inaitwa". Boti ya pili ilikuwa ya huyo mama. Niliisogeza pembeni ya picha, nikakata kuni, nikakata magunia, nikakata nguo. Nikabakisha maua ya kwenye ndoo. Nilikunywa chai yake nikamfuta. Hakuna mtu alinituma. Nilifanya kwa sababu najua mnapenda nini.

Binamu yangu ndiye aliyeona. Anaosha wazee wa watu usiku kucha huko, na anajua kuwa mtu ambaye kazi yake inaonekana na yeye haonekani. Akanitumia ujumbe wa maneno matatu: "Mama yuko wapi?" Nilikosa la kujibu.

Kwa hivyo hata ile komenti iliyonikera, nusu yake niliipalilia mwenyewe. Niliwauzia boti kama mapambo, mkaiona kama mapambo. Clip nzima nimeiweka sasa, na kuni zote, na mimi karibu kuzamisha boti pale loki ya saba. Ile ya zamani nimeitoa.

Lakini sirudishi neno juu ya hili la polepole. Nyinyi mmeuziwa kwamba kila kitu ni kuomoka kabla ya miaka 25, kwamba ukingoja umelala. Mimi nimeona watu waliongoja. Handaki la Huddersfield halikufunguliwa kwa kampeni ya wiki mbili. Watu walianza wakiwa vijana, wakamaliza na mvi, na wengine hawakufika. Walikuwa wanasukuma lango huku wakingoja maji yalingane. Vyote viwili kwa pamoja. Ukingoja bila kuegemeza mgongo kwa lango, hilo ni kulala. Na ukisukuma kabla maji hayajalingana, utaumia mgongo bure.

Kwa hivyo wewe wa mkokoteni: karibu kwenye komenti. Lakini usiniulize tena kwa nini nilienda pole. Niambie kitu kimoja mtaani kwenu ambacho kimeitwa "mabaki", na ni nani anaishi hapo, na wewe Jumamosi hii uko wapi.